Mzee Bado na Mwenzake Asiyestaafu

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi wetu mkuu wa umeme, ambaye sote tunamwita Mzee Bado, atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita ya utumishi katika kampuni yetu. Siku hiyo atakabidhi ufunguo wa stoo na kustaafu rasmi. Meneja ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye miaka mingi zaidi ndani ya gari moja la kazi. Aliniomba pia niandike mambo ya kawaida tu, nisije nikawatisha wageni. Nimejitahidi. Ila aliyewahi kufanya kazi na Mzee Bado anajua kwamba mambo yake ya kawaida ndiyo haya.

Alianza akiwa kijana mwembamba wa kubeba ngazi na kutoboa kuta kwa tindo, enzi ambazo kampuni nzima ilikuwa na drili moja tu, nayo ilikaa ofisini kwa bosi kama mkwe. Alifunga taa za shule, mashine za kusaga, majokofu ya bucha na pampu za visima. Akawa fundi, akawa msimamizi, kisha fundi mkuu, na kila alipopandishwa cheo alilalamika kwamba sasa watamkalisha kwenye kiti. Hawakumweza. Magari ya umeme yalipoanza kuonekana mitaani, wengi wetu tuliyacheka, tukasema hayo ni mambo ya wenye nazo na yatapita. Yeye, kichwa kikiwa kimeshaanza mvi, akajiandikisha mafunzo ya kufunga chaja za magari majumbani, akakaa darasani na vijana wa umri wa wanawe, na jioni alirudi akatueleza yote aliyofundishwa kana kwamba anatusimulia mpira. Leo chaja nyingi zilizotundikwa kwenye mabanda ya magari katika mji huu zimepita mikononi mwake.

Kufunga chaja si kutoboa ukuta na kuning'iniza boksi, ingawa wateja wengi hudhani hivyo. Gari la umeme linanyonya umeme mwingi kwa saa nyingi, usiku kucha, wakati wenye nyumba wamelala. Kwa hiyo Mzee hakufungua sanduku la vifaa kabla hajaizunguka nyumba yote, akafungua boksi la swichi, akafuata waya kutoka chumba hadi chumba, akagusa kuta kwa kiganja. Alikuwa akisema nyumba ni kama mzee: usimtwike gunia kabla hujaushika mgongo wake. Mwenye nyumba mmoja alipoona fundi anapapasa ukuta wa chumba cha kulala bila kusema neno, alimpigia simu meneja kuuliza kama tumemtumia fundi au mganga.

Jina la Bado watu wengi hudhani alipewa kwa sababu ya kuchelewesha kazi. Ni kweli kwamba ukimwuliza Mzee kama amemaliza, jibu lilikuwa hilohilo. Kuna mteja aliyemwandika kwenye simu yake "Umeme Bado", mkewe akaisoma, akalala akiamini nyumba yao haina umeme. Lakini jina halikutoka huko. Lilitoka kwa kijana mmoja ambaye hamtamwona kwenye picha za ukumbini, na bila yeye wasifu huu haukamiliki.

Zamani, kabla wengi wetu hatujaajiriwa, Mzee alikuwa na mwenzake wa kazi aliyeitwa Sawa. Aliitwa hivyo kwa kuwa hakujua neno jingine. Ukimwambia apande juu, sawa. Ukimwambia njaa ni kitu cha kuvumilia, sawa. Alikuwa mdogo kuliko Mzee kwa miaka michache tu, lakini alimheshimu kama kaka yake wa kuzaliwa. Siku moja walikuwa wanafunga mashine katika kiwanda cha sabuni. Mzee alikuwa kwenye swichi kuu, Sawa alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiunga waya. Mzee akaita kama ilivyo desturi ya kazi yetu, kwamba anawasha. Sawa alikuwa hajamaliza. Vidole vyake vilikuwa bado ndani ya mashine. Lakini kaka yake alikuwa ameuliza, na msimamizi wa kiwanda alikuwa amesimama hapo anaangalia saa, na Sawa hakuwahi maishani mwake kumjibu mkubwa neno la kupinga.

"Sawa, kaka," akasema. Mzee akawasha.

Kisa hiki Mzee alimsimulia kila mwajiriwa mpya siku ya kwanza, kwa maneno yaleyale, akiwa amesimama, na hakukipunguza wala kukiongezea chumvi. Mwishoni alisema kwamba Sawa hakufa kwa kukosea kazi. Alidhani adabu ni kukubali, basi. Halafu mafunzo yalianza. Mzee alisimama mlangoni mwa stoo, akaita kwa sauti kwamba anawasha, na mwajiriwa mpya alitakiwa kumjibu usoni: bado. Msidhani ni jambo jepesi. Mtu aliyelelewa vizuri, akamwangalie mzee mwenye mvi machoni amwambie bado, tena kwa sauti kavu! Wengine walijibu wakitazama viatu. Mmoja alisema bado, samahani, shikamoo. Alirudishwa nyuma, akaanza upya, mpaka neno likamtoka bila samahani. Meneja mwenyewe, alipohamia hapa, alipitishwa mlangoni hapo pamoja na tai yake. Hivyo ndivyo Mzee alivyopata jina, kwa sababu kila asubuhi tulimwamkia kwa kumkatalia.

Mpaka hapo hakuna la kumtisha mgeni. Linalofuata nilikuwa silisemi nje ya gari letu.

Mzee alikuwa na tabia ya kubeba jozi mbili za glovu za mpira. Moja alivaa mwenyewe. Ya pili ilikuwa mpya, haikuvaliwa na mtu, naye aliiweka sakafuni chini ya chaja tunayoifunga, vidole vikitazama ukuta, akaenda kwenye swichi. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni akiba. Siku moja, kazi ilipokwisha, aliniambia nimletee. Nikaziokota. Sakafu ya banda lile ilikuwa ya saruji, baridi, na jua halikufika pale. Glovu zilikuwa na joto kwa ndani, na unyevu kidogo wa jasho, kama zimevuliwa sasa hivi. Nilimpa Mzee, naye akazikunja, akaziweka kwenye sanduku. Tuliporudi garini alinipa karanga. Nilizila zote njiani, na hadi leo sikumbuki ladha yake.

Baada ya glovu ikaja sauti, ambayo niliisikia kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mfamasia mmoja, mama mcheshi mwenye nyumba ya ghorofa moja na banda la gari nyuma ya jiko. Ilikuwa mchana wa jua kali. Tulikuwa tumemaliza kufunga, mfuniko wa chaja umekazwa, vifaa vimekusanywa. Mzee na mimi tulikuwa mbele ya boksi la swichi kwenye korido, na mfamasia amesimama nasi akisubiri kuona maajabu. Kwa tulivyojua, kule bandani hakukuwa na mtu. Hata hivyo Mzee akaita, kama anavyoita siku zote, kwamba anawasha. Mfamasia akacheka, akamwuliza anamwambia nani.

"Bado," ikajibu sauti kutoka bandani.

Ilikuwa sauti ya kijana, ya chini, yenye heshima, kama ya mtu anayeomba kupita. Mzee aliondoa mkono kwenye swichi polepole. Mfamasia aliacha kucheka. Tulikwenda bandani sote watatu, na pale tukamkuta mume wake, ambaye tulidhani yuko ghorofani. Alikuwa amefungua mfuniko wa chaja kwa bisibisi ya jikoni. Mkono mmoja ameshika simu, anamwonyesha shemeji yake aliye mbali jinsi waya zilivyopangwa, na kidole cha mkono wa pili amekigusisha palepale kwenye shaba, akieleza huu unakwenda wapi na huu unakwenda wapi. Masikioni alikuwa na spika ndogo za simu. Hakusikia tulivyoita. Alipoulizwa kama yeye ndiye aliyesema bado, alituangalia kama watu waliopigwa na jua. Shemeji yake ndani ya simu, ambaye sote tulimsikia baada ya zile spika kuvuliwa, aliuliza: yule kijana aliyesimama nyuma yako ni fundi wenu? Nyuma yake palikuwa na ukuta, na chini ya ukuta glovu.

Yule bwana aliketi kwenye ndoo. Mfamasia alimshika kichwa akilia na kumgombeza kwa pamoja. Mimi nilidondosha testa ya kupimia umeme. Mzee peke yake alikuwa mtulivu. Alikaza mfuniko upya, akaenda kwenye swichi, akaita tena. Safari hii kimya. Kimya kwake kilikuwa ruhusa. Akawasha, chaja ikatoa mwanga wa kijani, tukanawa mikono tukaondoka.

Meneja amelisikia jambo hili mara nyingi, na kila mara husema ni mwangwi. Namheshimu meneja wangu. Lakini mwangwi hukurudishia neno ulilolisema wewe, na pale koridoni Mzee alikuwa hajasema bado. Na kwa kuwa meneja huyuhuyu ndiye aliyetufundisha kuripoti kila jambo linalozuia ajali kazini, naripoti. Sauti ile imesikika katika nyumba kadhaa, si nyingi. Haijawahi kusema bado bure. Tulipotafuta, daima tulikuta kitu: waya uliochubuka, mtoto aliyejificha nyuma ya gari akicheza, maji yaliyoingia kwenye paipu. Na haikuwahi kuzeeka. Mzee aliingia kazini na nywele nyeusi, sasa zimekuwa nyeupe, lakini aliyekuwa akimjibu ni kijana yuleyule wa kiwanda cha sabuni, aliyejifunza neno lile akiwa amechelewa.

Ndiyo maana tarehe ya kustaafu ilipokaribia, Mzee alianza kukonda. Wengine walidhani anaogopa kukaa nyumbani. Mimi nilimwona akibaki nyuma kila kazi, amechuchumaa mbele ya chaja, anaongea na ukuta taratibu. Siku moja garini alinieleza mwenyewe. Yeye atakwenda kwake akanywe chai na mkewe. Je, Sawa amwache na nani? Atakuwa akijibu katika nyumba za watu ambazo hakuna anayeita, hakuna anayesubiri, na watu watawasha tu. Alitaka waache kazi pamoja. Amemwomba Sawa apumzike, kila siku amemwomba, na hajajibiwa. Mzee alisema haya akitazama mbele, na machozi yakamtiririka hadi kwenye kola. Nikaendelea kuendesha.

Sasa nifike Jumamosi iliyopita, maana bila hiyo huu ungekuwa wasifu kama wasifu mwingine.

Watoto wa Mzee walikuwa wamemnunulia baba yao gari dogo la umeme, la mkono wa pili lakini safi, ili amtembeze mama yao. Sisi wafanyakazi tukaamua zawadi yetu ya kumuaga iwe chaja, tumfungie nyumbani kwake, na yeye kwa mara moja katika maisha yake akae kwenye kiti aangalie. Mafundi wawili wangetosha, lakini jikoni tukaingia wapishi wote. Kila mmoja alitaka kuwa na mkono wake kwenye kazi hiyo. Huyu anatoboa, yule anavuta waya, mwingine anafuta vumbi ambalo halijaanguka. Tuling'oa taa kuukuu iliyokuwa kwenye nguzo ya chuma ya banda ili tupate nafasi. Mzee alikaa kwenye kiti kama bwana harusi, mikono juu ya magoti, akiteseka.

Saa ya kuwasha ilipofika, wageni walikuwa wamejaa uani: watoto, wakwe, majirani, meneja na tai yake. Mkewe Mzee, mama ambaye ametulisha sote kwa zamu, alisimama bandani karibu na gari lake jipya, ameegemea nguzo, uso umejaa furaha. Alikuwa ametoka kuliosha gari mwenyewe, hakuwa na viatu, na mikono ilikuwa imelowa. Tukampa Mzee heshima ya kuwasha. Akaweka glovu zake mpya chini ya chaja, watu wakacheka wakidhani ni mbwembwe. Akaenda kwenye swichi, akageuka, akaita kwamba anawasha.

Na sisi, mafundi wake wote aliotupitisha mlangoni mwa stoo, mbele ya wakwe na simu zinazorekodi, tulipatwa na adabu. Hakuna aliyetazama nyuma. Tuliitika kwa pamoja kama watoto wa shule: "Sawa, mzee!"

Nilimwona Mzee akibadilika rangi. Neno lile halijawahi kutamkwa mbele ya swichi yake tangu kiwanda cha sabuni. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika. Sauti zetu zikaisha, kicheko kikaisha, hata watoto wakanyamaza, uani kukawa kimya cha kusikia majani.

"Bado, kaka."

Ilitoka bandani, kwenye nguzo. Mkewe Mzee anasema ilitoka kwenye bega lake, na kwamba alihisi mkono wa mpira, wenye joto, ukimshika kiwiko na kumsogeza hatua kutoka kwenye chuma. Simu za wageni zilirekodi vicheko vyetu na ukimya, sauti haimo. Lakini kila aliyekuwa uani aliisikia, na meneja aliisikia, nami nilimwona akifungua kifungo cha shati.

Mzee aliachia swichi. Alitembea hadi kwenye nguzo, akapanda ngazi mwenyewe, akaangalia pale tulipong'oa taa. Ncha za waya wa taa zilikuwa wazi, zimelala juu ya chuma. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amezifunga, na kwenye boksi kila mmoja alidhani mwenzake amezitoa. Swichi kuu ingewashwa, nguzo yote ingekuwa na umeme, na mama alikuwa ameiegemea, maji mikononi, miguu mitupu. Mzee hakutugombeza. Ingekuwa heri atugombeze. Alifunga zile ncha, akashuka, akamkumbatia mkewe mbele ya watu, jambo ambalo watoto wao wanasema hawajawahi kuliona.

Kisha alichuchumaa mbele ya chaja, palipokuwa na glovu, na safari hii hakuongea taratibu. Tulisikia sote. Alimwambia Sawa kwamba deni limekwisha, kwamba leo amemrudishia kaka yake kila kitu, kwamba yeye anaacha kazi tarehe thelathini na anamwomba, kwa jina la mama aliyemzaa, naye aache, apumzike.

Tukasubiri.

"Bado, kaka," sauti ikasema, kwa upole uleule.

Mzee alibaki amechuchumaa, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema kwamba miaka yote hii amemfundisha kijana kumkatalia mkubwa, sasa amejua, atamlaumu nani? Halafu aliokota glovu, akaniita, akaniwekea mikononi. Zilikuwa na joto. Akaniambia niwe naziweka chini ya chaja, vidole vitazame ukuta, na kabla ya kuwasha niite, nisubiri, hata kama mwenye nyumba ananicheka.

Mzee wetu, asante. Asante kwa nyumba zilizolala salama bila wenyewe kujua ni kwa nini, na kwa kutufundisha kukutazama machoni na kukukatalia. Jumamosi tulisahau, hatutasahau tena. Chaja yako inawaka kijani, gari limejaa, mpeleke mama anakotaka. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na uzee mrefu usio na haraka. Jumatatu, ulipobaki stoo ukihesabu vifaa vya kukabidhi, nilikuwa na kazi ya kwanza bila wewe, katika nyumba tupu ambayo wenyewe hawajahamia. Niliziweka glovu, nikaenda kwenye swichi, nikaita. Wewe pumzika tu. Mwenzako yuko kazini, na sasa ananiita dada.